Mimba Iliyotangazwa Ufukweni

Asalaam aleikum, wasikilizaji wapendwa, popote mlipo. Kama una chungu jikoni, punguza moto kidogo. Kama kuna mtu kalala chumba cha pili, mwamshe. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye hakuwahi kusema kwa sauti ndogo, na sisi hatutamsimulia kwa sauti ndogo.

Jina lake ni Bi Mwanamvua Msabaha. Mkulima wa mwani. Mkazi wa Mlingotini, hapa hapa kwetu Bagamoyo. Amefariki Jumatatu ya wiki hii baada ya kuugua wiki tatu, akiwa na miaka sitini na mitatu. Amezikwa Jumanne baada ya sala ya adhuhuri. Tunarudia kwa aliyechelewa kuwasha redio: Bi Mwanamvua Msabaha, mkulima wa mwani, wa Mlingotini, hatunaye tena.

Vijana wa kijijini walimwita Bi Spika. Wakimwita hivyo anageuka, anawajibu: "Spika ndiyo, na betri bado mpya." Lakini hakuzaliwa hivyo. Kuna siku aliyoanza kupaza sauti, na kuna sababu. Sababu hiyo inaitwa Saida.

Saida alikuwa binti yake wa kwanza. Bi Mwanamvua aliolewa na Mzee Maulidi Bwanausi, fundi seremala, wakapata watoto wawili tu: Saida, halafu Haidar. Saida alipotimiza miaka ishirini na minne, mwaka elfu mbili na kumi, akapata mimba ya kwanza. Mumewe alikuwa kazini mbali, na kama ilivyo desturi yetu, mimba ya kwanza binti anarudi kwao, alelewe na mama yake mpaka ajifungue.

Na mama yake akamlea alivyolelewa yeye. Jambo la kwanza alilomwambia ni hili: "Usimwambie mtu."

Mnalijua hilo, wasikilizaji wapendwa. Kwetu pwani mimba haitangazwi. Tunaogopa kijicho. Tunaogopa mtu akisema "eh, umenenepa", basi neno limeshaingia tumboni. Kwa hiyo Bi Mwanamvua alimfunga binti yake kanga mbili, moja juu ya nyingine, na ya tatu begani ishuke mbele. Saida akaingia baharini na wenzake kama kawaida.

Sasa kwa asiyejua kazi ya mwani, asikilize hapa. Maji yakitoka wakati wa bamvua, siku zile bahari inapokupwa mbali, wanawake wanaingia mpaka kwenye kamba zao. Wanafunga mbegu, wanavuna mwani uliokomaa, wanaujaza kwenye magunia ukiwa mbichi, unachuruzika maji, wanabeba mpaka nchi kavu. Gunia la mwani mbichi linamwinamisha hata mwanamume. Na katika kikundi mnabeba sawa. Anayekataa kubeba anaulizwa, una nini?

Saida hakuweza kukataa. Kukataa kulikuwa ni kutangaza. Akabeba.

Hakwenda kliniki pia, kwa sababu benchi la kliniki liko barazani, na barabara inapita mbele yake. Ukikaa pale asubuhi, mpaka mchana kijiji kizima kimeshakuhesabia miezi. Alikwenda mimba ikiwa na miezi saba, kanga zilipokuwa hazifichi kitu tena. Nesi alimvuta chini ya jicho akatazama. Bi Mwanamvua alikuwa amesimama pembeni, na mwenyewe alisimulia mara nyingi alichokiona. Pale ndani ya jicho panapotakiwa kuwa pekundu, palikuwa peupe kama nazi iliyokunwa.

"Mama, huyu damu hana," nesi akasema. "Amekuwa akila nini?"

Bi Mwanamvua akaona ametukanwa. Akajibu, "Anakula tunachokula."

Na ilikuwa kweli. Alikula walichokula. Nyama ya katikati ya samaki ilikwenda kwenye sinia la wanaume, Saida akapata kichwa na mkia. Mayai alinyimwa, watu walisema mtoto atazaliwa hana nywele. Vidonge vya kuongeza damu alipewa, Saida akavimeza siku tatu, vikamtia kichefuchefu, choo kikawa cheusi. Akaogopa. Na jirani akasema vinamnenepesha mtoto tumboni, utakuja kupasuliwa. Bi Mwanamvua akavichukua vile vidonge, akavitia kwenye kopo la chai lililoisha, akalifunika.

Lakini mtoto alitayarishiwa. Mashallah, alitayarishiwa! Nepi kumi na mbili. Sweta la njano. Kofia mbili. Beseni jipya, sabuni, chandarua kidogo cha kukunja. Begi la mtoto lilikuwa limejaa mpaka zipu haifungi.

Saida alijifungua mtoto wa kike, mchana, Alhamisi. Mtoto alilia vizuri. Mama yake akaanza kumwaga damu, na wauguzi wakahangaika naye kwa kila walichokuwa nacho. Daktari alitoka akamwambia Bi Mwanamvua maneno ambayo hakuyasahau. Alimwambia, "Bibi, damu iliyomwagika si nyingi sana. Mwenziwe angeistahimili. Huyu alikuwa nayo kidogo kabla hata hajaanza."

Saida Maulidi alifariki kabla ya alasiri. Mtoto alibaki. Ndiye Lulu, amelelewa na bibi yake, na sasa ana miaka kumi na mitano, yuko sekondari.

Tulimkuta Lulu matangani juzi. Tulidhani atashindwa kuzungumza. Hakushindwa. Alisema hivi: "Bibi aliniambia mwenyewe. Sikuambiwa na watu. Nilipofika darasa la sita alinikalisha, akasema, mama yako nilimficha mimi, Lulu. Begi lako lilijaa. La mama yako halikuwepo. Akasema, ukitaka kunichukia, nichukie, lakini usije ukamficha mtu."

Tukamuuliza, ukamchukia? Akasema, "Siku mbili. Halafu nikarudi kulala kwake."

Wasikilizaji wapendwa, baada ya kumzika Saida watu walimpa Bi Mwanamvua pole, wakamwambia ni kazi ya Mungu. Alikubali kwamba ni kazi ya Mungu. Lakini akasema, na ya kwangu iko ndani yake, msiniondolee. Miaka tisa alinyamaza na neno hilo. Alikwenda baharini, akarudi, akamlea Lulu. Mpaka mwaka elfu mbili na kumi na tisa.

Mwaka huo mwanawe Haidar alikuwa ameshaoa. Mkewe ni Zuhura, mtoto wa Mbegani, mpole, mwenye sauti ya chini mpaka umwinamie. Mwezi wa tatu, Zuhura akamwambia mama mkwe wake jikoni, kwa kunong'ona, kwamba siku zake hazijaonekana. Halafu akashika mikono ya mama mkwe akasema, "Mama, usimwambie mtu."

Maneno yale yale.

Bi Mwanamvua akaitoa mikono yake, akatoka jikoni. Kesho yake maji yalitoka mapema. Wanawake wa kikundi walikuwa ufukweni wanachambua mbegu, Zuhura mmoja wao. Pale alikuwepo pia Bi Mwajabu, dada mkubwa wa Mzee Maulidi, yaani wifi yake Bi Mwanamvua. Bi Mwajabu ndiye mshika desturi wa ukoo. Hakuna harusi wala arobaini iliyofanyika bila yeye kukagua.

Bi Mwanamvua akasimama juu ya gunia. Akapiga makofi mawili.

"Jamani, nisikilizeni. Zuhura wa Haidar ana mimba. Miezi miwili imepita, huu wa tatu."

Mikono yote ikasimama. Zuhura akajifunika kanga usoni. Anatuambia, "Nilitaka kujifukia mchangani kama kaa."

Bi Mwajabu ndiye aliyeanza. "Wifi! Una wazimu? Unamwitia mtoto wa watu macho!"

"Yaje. Yaje yatazame. Saida tulimficha, wifi. Kanga tatu. Macho yalimwacha?"

"Hayo ya Saida ni ya Mungu, usiyarudishe hapa."

"Ninayarudisha hapa hapa. Mwenye kijicho aanze na mimi. Nimesimama. Tumbo langu hili hapa."

Mwanamke mmoja nyuma akasema, "La kwako lina mihogo tu, Bi Mwanamvua."

Wakacheka wote, hata waliokuwa wameogopa. Lakini Bi Mwanamvua hakushuka juu ya gunia. Akasema, kuanzia leo Zuhura habebi mwani mbichi. Atakaa pale penye kivuli afunge mbegu, na kamba zake zitavunwa na wengine. Asiyetaka amtoe yeye Mwanamvua kwenye kikundi. Na mtu akimwona Zuhura ameshika kichwa, au uso umemvimba, au anasema anaona vimulimuli machoni, au amedondosha damu hata tone, asimwulize una nini. Ampeleke. Hapo hapo. "Msisubiri mimi nirudi. Msisubiri Haidar. Mpelekeni."

Aliyarudia maneno hayo kila bamvua. Walimchoka. Walikuwa wakimwona anasimama tu wanaimba wenyewe: kichwa, uso, vimulimuli, damu! Wakamaliza kwa vigelegele vya kumkejeli. Naye anasema, "Haya, imbeni. Wimbo mmeshaujua."

Wiki ile ile Zuhura akaenda kliniki, mimba haijatimiza miezi mitatu. Na Bi Mwanamvua akamtoa Haidar kitandani.

"Mama, wanaume hawakai kwenye lile benchi."

"Ulipokuwa ukiitafuta hiyo mimba ulikuwa na aibu hii?"

Haidar akaenda. Akakaa kwenye benchi, barabara inapita, wenziwe wanampigia honi za pikipiki. Zuhura akapimwa damu, akapimwa presha, akapewa chandarua chenye dawa, kikubwa, cha kulalia yeye. Akapewa vidonge vya kuongeza damu. Bi Mwanamvua akavipokea, akaviweka juu ya meza ya chakula, mahali ambapo kila aliyeingia anaviona. Na kila baada ya chakula cha usiku alimtazama mkwewe akivimeza, akamwambia ukiona choo cheusi usiogope, ndiyo dawa yenyewe. Vikimtia kichefuchefu, wanakwenda wote wawili kumweleza nesi. Hakuna kopo.

Siku ya kwanza Zuhura alipopewa ile nyama ya katikati ya samaki, Mzee Maulidi mwenyewe anatusimulia huku anajifuta macho, hatujui ni kicheko au kilio. Aliletewa sinia, akatafuta, akaona kichwa na mkia.

"Nikauliza, mke wangu, na mimi je? Akaniambia, wewe una mimba ya miezi mingapi? Nikala kichwa. Nimekula kichwa miezi sita, na sijafa."

Ukaja mfungo wa Ramadhani. Zuhura akafunga siku ya kwanza, akaanguka alasiri akiwa anakuna nazi. Siku ya pili, saa sita mchana, Bi Mwanamvua akapita uani na bakuli la uji, halikufunikwa, linatoa moshi. Bi Mwajabu alikuwa kwenye mkeka.

"Mchana wa Mwenyezi Mungu, wifi! Hata kulificha huwezi?"

"Nilifiche kwa nani? Mungu ndiye aliyetoa ruhusa. Nenda kamuulize maalimu."

Bi Mwajabu akaenda kweli, akafunga safari mpaka msikitini. Maalimu akamwambia mwenye mimba akihofia nafsi yake au mtoto ana ruhusa ya kula, na siku hizo atazilipa baadaye. Akasisitiza, nafsi yake pia, si ya mtoto peke yake. Bi Mwajabu akarudi nyumbani. Hakusema samahani. Lakini siku iliyofuata aliuonja ule uji kwa macho, akasema, "Sukari mmetia kidogo."

Na jambo jingine, wasikilizaji wapendwa. Usingizi. Kila siku baada ya adhuhuri Zuhura alilala, na Bi Mwanamvua alikaa mlangoni. Mgeni akija anauliza:

"Zuhura yuko wapi?"

"Amelala."

"Masikini, anaumwa?"

"Haumwi. Amelala."

Na Zuhura alikuwa na hofu. Alijua aliingia nyumba ya Saida. Siku moja akasema, mama, naogopa nitakufa. Watu wengi hapo wangemwambia acha maneno hayo. Bi Mwanamvua akamwambia, "Na mimi naogopa. Naogopa kuliko wewe, maana mimi nimeshaona. Basi tuogope wote wawili, na kadi ya kliniki iko mkononi." Zuhura anasema hakuna neno lililomtuliza kama hilo.

Mwezi wa nane ukafika. Mimba ikiwa na miezi minane, Bi Mwanamvua akaitwa Mapinga, kaka yake anaumwa. Hakutaka kwenda. Akaenda, arudi jioni. Haidar naye alikuwa kazini mjini.

Asubuhi hiyo Zuhura aliamka na kichwa kinamgonga. Akadhani ni joto. Akajikongoja mpaka ufukweni akakae na wenzake. Bi Mwajabu alikuwa anatoka majini na gunia mgongoni, maji mpaka magotini. Akainua macho akamwona mke wa Haidar. Uso umejaa, macho yamekuwa madogo.

"Zuhura, umelia?"

"Hapana, shangazi. Kichwa tu. Na vimulimuli."

Bi Mwajabu, mshika desturi wa ukoo, mwanamke aliyesema mimba haitangazwi, akalitupa gunia palepale. Akatoka majini anapiga kelele, "Bajaji! Bajaji, nyie! Mkwe ana vimulimuli!" Na wanawake wote wakajua maana yake, hakuna aliyeuliza. Mmoja akakimbilia kadi nyumbani. Mwingine akaleta kanga kavu. Kabla jua halijapanda sana Zuhura alikuwa kituo cha afya. Presha ilikuwa juu mpaka muuguzi alipima mara ya pili. Wakamwanzishia dawa, wakampakia gari la wagonjwa kwenda hospitali kubwa. Akafanyiwa operesheni mchana ule.

Bi Mwanamvua alifika anahema, kiatu kimoja mkononi. Akamkuta wifi yake ukumbini, amekaa kwenye sakafu, nguo zimeloa chumvi.

"Usiseme kitu," Bi Mwajabu akamwambia.

"Sijasema."

"Nakujua. Unataka kusema."

"Nataka kuuliza tu. Yu hai?"

"Yu hai. Na mtoto yu hai. Mwanamume."

Bi Mwanamvua akakaa chini pale pale, ubavuni kwake. Halafu akasema, "Wifi, gunia lako liko wapi?"

"Nimeliacha majini."

"Limeshachukuliwa na maji hilo."

"Na liende."

Mtoto aliitwa Ridhiwani. Mama yake, Zuhura, yuko hai. Yuko hai, wasikilizaji wapendwa. Tumezungumza naye juzi kwa sauti yake ile ya chini.

Na Bi Mwajabu, ambaye sasa ana miaka sabini na miwili, alitushika mkono akasema maneno haya, tunayaleta kwenu kama yalivyo: "Mwandike hivi. Angekuwa amefichwa, mimi ningesema jua limempiga. Ningemwambia rudi nyumbani ukalale. Na angelala, na asingeamka. Mimi ndiye ningemuua kwa kutojua, na msiba wake ningeusimamia mimi mwenyewe."

Tangu mwaka huo Bi Mwanamvua hakutulia. Akisikia mwenye mimba, Mlingotini au Mbegani, anabisha hodi. Si wote waliompenda. Kuna nyumba alifungiwa mlango. Kuna mume mmoja alimwambia, "Bibi, mke wangu si wa kikundi chako." Akakaa kwenye baraza la huyo mume kutoka asubuhi mpaka saa nane, anasalimia kila anayepita, na kila anayepita anauliza unamngoja nani, naye anajibu kwa sauti ile. Saa nane mume akatoka na mkewe, wote wawili, wakaenda kliniki. Hakumuaga Bi Mwanamvua. Naye alisema hakuwa na haja ya kuagwa.

Wapo waliomwambia anadharau mila. Aliwajibu kwamba mila anaipenda, kanga anazo sanduku zima. Lakini kanga ni ya mama kujifunga, si ya kumfungia mama.

Sasa tuseme ukweli tukiwa bado na wasaa. Sisi wanawake wa pwani tunajua kumwandalia mtoto. Nepi tunajua, beseni tunajua, jina tunalo kabla hajazaliwa. Mama wa mtoto tunamwandalia nini? Tunamwuliza tumbo linaendeleaje. Yeye anaendeleaje? Kama mkweo anatapika wiki nzima na wewe unasema ndiyo mimba, unakosea. Kama binti yako anangoja tumbo lionekane ndiyo aende kliniki, unakosea, na redio hii inakwambia unakosea, ukasirike ukitaka. Aende sasa, kabla miezi mitatu haijatimia. Ale nyama ya samaki na mboga na mayai, nywele za mtoto zitaota. Alale mchana bila kuomba ruhusa. Mzigo mzito abebe aliye mwepesi. Na akisema naogopa, asikilizwe mpaka amalize.

Kwa familia ya marehemu, Mzee Maulidi Bwanausi, mwanao Haidar, mkweo Zuhura, mjukuu Lulu na mdogo wake Ridhiwani, na wewe Bi Mwajabu, poleni sana. Kwa wanawake wa kikundi cha mwani Mlingotini, poleni. Tunaomba Mwenyezi Mungu amsamehe Bi Mwanamvua Msabaha, amkutanishe na binti yake Saida, na awape subira nyote mliobaki.

Kawaida ya vipindi kama hiki tunawaomba wasikilizaji dakika moja ya kukaa kimya. Leo hatuombi kimya. Kimya tumeshakaa miaka mingi, na tumeona kilichotokea.

Tunazima kipaza sauti dakika moja. Hapo ulipo, kama ndani ya nyumba yenu au nyumba ya pili kuna mwenye mimba, hata kama anajificha, hata kama amekuomba usimwambie mtu, inuka. Nenda kwake. Muulize amekula nini leo, amelala saa ngapi, kichwa kinamuuma au hakimuumi. Muulize kwa sauti.

Inuka sasa. Tunakungoja.